Uchambuzi wa Fainali Kutoka Kilioni

Uchambuzi wa fainali niliurekodi nikiwa ndani ya choo cha jirani, kwa sababu nyumba yetu nzima ilikuwa inaimba. Kwaya ilikuwa uani tangu asubuhi, chini ya turubai la bluu. Kwaya ikipumzika, mashangazi waliovuka mpaka kutoka Uvira, Kongo, wanaanza kulia, na mashangazi wakinyamaza anaingia mgeni mpya, tunaanza upya. Hapa Nyakabiga, Bujumbura, nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ukitaka kimya mchana wa Ijumaa, unajifungia chooni kwa Mama Houda, unaziba pua, unasema haraka.

Mi ninaitwa Léoncie, ninauza vitenge, na sina tabia ya kujifungia kwenye vyoo vya watu. Lakini Mama yetu alikuwa amefariki Jumatano jioni. Tension, yaani presha, ilimpanda, hospitali wakaishusha, ikapanda tena, basi. Na mdogo wangu Prodige, aliye Australia, alikuwa hajui. Jumamosi alikuwa na fainali, na kila Ijumaa kabla ya mechi ninamtumia audio ya uchambuzi: wapinzani ni nani, wa kuogopwa ni yupi, tutashinda kwa ngapi. Kama Ijumaa hiyo nisingetuma kitu, angejua kuna jambo.

Tuelewane kwanza kuhusu huo mpira, maana watu wananiuliza kisha hawangoji jibu. Si huu wetu. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai dogo. Wachezaji ni kumi na wanane kila upande, kwenye uwanja wa mviringo mkubwa hata ng'ombe wangeshiba humo. Wanaupiga kwa mguu, wanaudaka kwa mikono, wanapasiana kwa kuupiga ngumi. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne zilizosimama tu, hazina mti wa juu wala nyavu. Ukiupitisha kwa mguu katikati ya zile mbili ndefu, pointi sita. Ukikosea kidogo, ukapita kati ya ndefu na fupi, unapewa pointi moja ya kukupa pole. Na ukiudaka mpira uliopigwa mbali kabla haujagusa chini, wote wanasimama, wanakuachia nafasi upige kwa utulivu wako. Hapo ndipo Mama alikuwa anapapenda. Alikuwa anasema angalau hapo wana heshima.

Kaptula zao ndizo hakuzipenda. Ni fupi, na shati halina mikono, na kule baridi inauma. "Hao watu wameshindwa kununua kitambaa?" Nikimaliza uchambuzi wangu alikuwa ananinyang'anya simu, anamtukana Prodige kidogo kuhusu kaptula, ndipo ninatuma. Hivyo kila Ijumaa, misimu mitatu.

Prodige alipelekwa huko kama mkimbizi, dosye, faili letu mimi na Mama, ikabaki. Walimweka kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha nyama, ambao jina lake mi ninalitamka vibaya kila mara. Mkongomani ni yeye peke yake. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapigiana simu tunakosa la kusema. Umekula? Nimekula. Baridi? Baridi. Mungu ni mwema. Ndiyo, ni mwema. Kisha simu inakaa kimya na forfait ya dakika inaisha. Siku wenzake wa kiwandani walipompeleka kwenye mpira wao, alinitumia video, nikauliza kwa nini yule mwenye koti jeupe ananyoosha vidole viwili, akanieleza mpaka nikachelewa soko. Tangu hapo tukawa na la kusema. Kwa hiyo sikujifunza mpira ule kwa raha. Nilijifunza kwa sababu ndugu yangu alikuwa ananipotea.

Sasa turudi kilioni. Baba mukubwa Aloys, kaka wa marehemu baba yetu, alishuka kutoka Gihosha jioni ileile ya Jumatano, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, na neno lake la kwanza halikuwa pole.

"Nani amepigia Prodige?"

"Bado, Baba mukubwa."

"Vizuri. Mutu asipige."

Sheria hiyo si yake peke yake, ni ya kwetu sote. Mtu aliye mbali haambiwi kifo kwenye simu, akiwa peke yake na ukuta. Unatafuta mtu wa kwenu aliye karibu naye. Huyo anaenda, anabisha hodi, anaingia, anakaa, anaangalia kama jiko limezimwa, ndipo anasema. Mwenye msiba akianguka, kuna mikono ya kumpokea. Karibu na Prodige mtu wa kwetu hakuna. Aliyepatikana ni Pasta Jérémie, mtu wa Bukavu, naye anakaa mji mkubwa, saa tano kwa gari, na anafanya kazi ghalani mpaka Jumamosi mchana. Aliahidi akitoka kazini anawasha gari palepale. Angefika jioni yao, mechi imeshakwisha.

"Basi mpaka Jumamosi," Baba mukubwa akasema, "Mama yake ni muzima."

Mi nilitaka aambiwe. Nilimwambia Baba mukubwa hivyo, mbele ya watu, na sauti yangu haikuwa nzuri. Akaniuliza kama ninataka mdogo wangu ajinyonge na waya wa redio kwenye chumba cha peke yake, nani angemfungulia. Tangu Jumatano hiyo kazi yangu ikawa kulinda kimya. Kila anayeingia ninamwambia, usiweke picha ya Mama kwenye statut ya WhatsApp, Prodige hajui. Binamu mmoja aliweka mshumaa na maneno "Pumzika Mama yetu", nikamfuata mpaka jikoni, nikasimama juu yake mpaka akaufuta. Alisema nina roho mbaya. Labda. Nilikuwa nimepika bugali kwa ajili ya watu ambao hata majina yao siyajui, nilikuwa sijalala, miguu imevimba, na machozi yenyewe yalikuwa hayajapata nafasi ya kutoka.

Na nitasema ukweli, nilikuwa ninamwonea Prodige huruma, na ninamwonea wivu pia. Kwake Mama alikuwa bado anapika.

Basi, chooni. Nilibonyeza, nikaweka ile sauti yangu ya redio.

"Allô, bingwa. Ni Léoncie kutoka Nyakabiga, na huu ni uchambuzi wa fainali. Sisi ndege Mwari dhidi ya wao Mafahali. Wasikudanganye, hawa Mafahali ni walewale wa mwaka jana waliotushinda kwa pointi moja. Pointi moja, Prodige, ile ya kupeana pole. Kwa hiyo kesho sitaki kuona mtu anapiga kutoka pembeni kabisa ili atokee vizuri kwenye video. Rudisheni katikati, mpige mkiwa mnaona nguzo zote.

"Yule Mnara wao, mwenye ndevu nyekundu. Refa akiudundisha mpira kuanza, Mnara ataruka aupate tu, urefu hatuwezi kumnyima. Lakini akishuka ni mzito. Usiruke naye. Kaa chini, ngoja, mpira ukianguka miguuni pake ni wako, kimbia nao pembeni kule kwenye wingi yako. Namba tano wao anashika shati, unamjua. Akikushika usimtazame, mtazame refa.

"Kura mkishinda, chukueni upepo robo ya kwanza, mjaze pointi mapema. Msiuweke akiba. Robo ya nne watu wamechoka, na mtu aliyechoka hata upepo ukimsukuma haendi."

Hapo sauti yangu ikakatika kidogo, nikajifanya ninakohoa. Nje kwaya ikapandisha wimbo wa safari ya mwisho, wote pamoja na ngoma.

"Hiyo ni redio ya Mama Houda," nikasema. Mama Houda, Mwislamu wa Bujumbura tangu kwa babu zake, na redio yake ya nyimbo za Yesu. "Utabiri wangu: Mwari kwa pointi kumi na moja. Mama anakusalimia. Jikaze."

Nikatuma. Nilipofungua mlango, Mama Houda alikuwa amesimama pale na birika la maji mkononi. Alikuwa amesikia yote. Alinimiminia maji nikanawa uso, akaniambia "Allah akupe subira, Léoncie", akarudi ndani.

Jibu lilifika nikiwa ninaosha sahani. Prodige alikuwa anacheka. "Yaya," hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "pointi kumi na moja? Mwaka jana ulisema ishirini. Lakini sauti yako imechoka sana, yaya, acha kubeba mizigo ya watu. Na Mama, mbona leo hajanitukana kaptula? Ananuna?"

Nilimwandikia kwa vidole, sikuthubutu kusema: Mama ana wageni, nyumba imejaa. Na kweli ilikuwa imejaa.

Lakini sasa wasiwasi mwingine ukaniingia, na huu haukutaka kutoka. Mechi inaisha. Prodige anaoga, anarudi chumbani kwake peke yake, anafungua simu aone kama nimefurahi. Pasta Jérémie bado yuko barabarani. Na huku Nyakabiga kuna watu mia wenye simu, mmoja tu asahau, mshumaa mmoja tu, basi mtoto ameukuta msiba wa mama yake kwenye kioo, peke yake na ukuta. Yale yote tuliyoyazuia tangu Jumatano yangempata hivyo hivyo.

Kuna mama mmoja mzee wa klabu yao, anaitwa Maureen, yeye ndiye anaweka picha na kurusha mechi kwenye Facebook. Ananijua kwa sababu kila picha ya Prodige ninaiwekea mioyo. Nikaandika kwa Kifaransa, simu ikageuza Kiingereza: Mama wa Prodige amefariki Jumatano. Yeye hajui. Pasta wetu atakuja kumwambia jioni. Tafadhali, baada ya mechi msimwache peke yake, mkae naye. Alijibu upesi, nikageuza jibu lake: "Masikini wee. Hatutasema neno. Tutamtunza kama wa kwetu." Nikasoma mara mbili, nikamwonyesha Baba mukubwa, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nilijilaza kwenye mkeka, katikati ya mashangazi, nikalala mpaka alfajiri.

Kule wao wanacheza mchana, kwetu bado kunapambazuka. Nilipoamka wanawake wawili walikuwa wanakwangua sufuria za jana, na Baba mukubwa alikuwa kwenye kiti chake kilekile cha mlangoni, amejifunika kitenge cha Mama, macho wazi. Nikachukua simu nitafute kama Maureen ameanza kurusha mechi. Nikakuta audio ya Prodige. Nikaiweka sikioni.

"Yaya, tuko mu vestiaire, tunavaa jezi. Uchambuzi wako nimewafasiria wote, wamecheka sana kuhusu Mnara. Sasa sikiliza, leo wametugawia vitambaa vyeusi, kila mutu anafunga ku mukono. Huku wanafanya vile mutu wa klabu akifiwa. Mwezi wa sita tulifunga kwa ajili ya muzee aliyekuwa anakata majani ya uwanja. Nimeuliza leo ni nani, kapiteni akasema ni mama ya mumoja wetu, kisha akaangalia chini. Coach naye akasema tutaongea kisha ya mechi. Basi sikuuliza tena, mutu mwenyewe labda hataki kusemwa. Hata Maureen amefunga, hata wamama wanaouza chai. Mi nimefunga yangu, na nimefungia wawili wenye plastari ku vidole. Masikini, yaya. Mutu kucheza fainali, na mama yake amelala kule. Umuombee. Na mwambie Mama naye amuombee."

Nilikaa chini pale nilipokuwa, kwenye sementi, kando ya sufuria.

Walikuwa wametimiza neno lao. Hakuna aliyesema. Niliwaandikia hajui, niliwaandikia wakae naye, lakini sikuwaandikia wasionyeshe kitu, kwa sababu kwetu jambo hilo halihitaji kuandikwa. Na kwao kumwacha mwenzao acheze siku hiyo bila kitambaa ingekuwa aibu. Sikuweza kuwakasirikia. Nilijikasirikia mimi, kisha hata hasira yenyewe ikachoka.

Nilienda mlangoni, nikampa Baba mukubwa simu aisikilize. Aliisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia, akajifuta midomo kwa mkono.

"Pasta amefika wapi?"

"Ndiyo kwanza anatoka kazini."

"Basi tungoje, Léoncie. Tumengoja mpaka sasa, tumalize."

"Baba mukubwa, mtoto anamuombea mama yake bila kujua ni wake."

"Nimesikia."

"Ameufunga msiba wake kwenye mkono wake mwenyewe, halafu aingie uwanjani akimbie, acheke, ashangilie? Kisha jioni aambiwe kwamba watu wote walijua isipokuwa yeye? Hiyo hatanisamehe. Wewe labda atakusamehe, wewe ni mkubwa. Mimi hapana."

Wale wa sufuria walikuwa wameacha kukwangua. Nilibonyeza jina la Prodige, na Baba mukubwa akanyoosha mkono kunizuia, mkono ukafika njiani ukarudi kwenye kitenge. Simu ikaita. Nilijua dakika za kuingia uwanjani zimekaribia, nikaomba asipokee, nikaomba apokee.

"Yaya, fanya mbio, tunapanga mustari tutoke." Nyuma yake kulikuwa na kelele, vijana wanapiga makofi, mtu anapiga kelele kwa Kiingereza.

Uchambuzi niliuweza chooni. Hili sikujua linaanzwaje. Kinywa changu kikatafuta maneno, kikapata lile tu ambalo kila mtu wa kwetu aliye mbali analijua, na analiogopa kila simu ya nyumbani inapoita.

"Prodige," nikasema, "uko na nani hapo?"

Kwetu swali hilo haliulizwi kwa udaku. Anayeuliza ana msiba mkononi, na anataka kujua kama kuna mtu wa kukushika. Prodige mwenyewe aliulizwa hivyo wakati Baba alipofariki, akiwa shuleni.

Kelele za nyuma ziliendelea kidogo, kisha zikapungua, nadhani waliuona uso wake.

"Yaya," akasema, polepole sana. "Ni sisi? Hii kitambaa ni ya kwetu?"

"Ni ya kwetu."

"Ni Mama?"

"Ni Mama, mdogo wangu. Jumatano. Tension."

Alisema "apana". Alisema mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kisha nikasikia simu inagonga kitu kigumu, nadhani benchi, na yeye akalia kwa ile sauti yake ya utotoni ambayo nilikuwa sijaisikia tangu tuvuke mto Ruzizi kuikimbia Kongo. Machozi yangu yalitoka hapo. Nilikuwa nimeyangoja tangu Jumatano, na yalikuja yote pamoja, mbele ya wale wanawake wa sufuria, nami sikujificha.

Halafu nikasikia viatu. Wana viatu vyenye meno chini, kwenye sementi vinagonga sana. Vilikuja viwili, vikaja vingi, vikaja vyote, kisha vikasimama. Mtu akasema neno moja la Kiingereza, akalirudia, na kilio cha Prodige kikaendelea, lakini kilikuwa kinatokea ndani ya watu, kama kimefunikwa.

Baba mukubwa alikuwa ameinuka kwenye kiti. Alinisogelea, akainama karibu na simu asikilize, akashindwa kuelewa ile kelele.

"Iko na watu?" akaniuliza.

"Anao, Baba mukubwa," nikamwambia. "Wamemshika."